Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: wanyamapori, mazingira na magonjwa ya bakteria kwa ng'ombe wa Nairobi na viunga vyake

Maswali haya tumeyakusanya kutoka kwa wafugaji wa Dagoretti, Kasarani, Ruai, Rongai, Kiserian na Kitengela. Wengine wana ng'ombe wawili nyuma ya nyumba, wengine wana mamia kwenye mbuga za Kaputiei. Tumeyapanga kuanzia yale ya kila siku. Kama ng'ombe wako amekufa ghafla sasa hivi na damu inamtoka puani, usisome kutoka juu: nenda swali la 6, na kisu kikae mbali.

## Mambo ya msingi

1. Daktari, kwani ugonjwa wa bakteria una tofauti gani na mwingine? Si yote ni magonjwa tu?

Tofauti utaiona mfukoni. Antibiotiki huua bakteria. Virusi haviguswi nazo. Kimeta, chambavu, brusela, kifua kikuu, mastaitisi, maji moyo, ndigana baridi na homa ya mapafu husababishwa na bakteria. Ugonjwa wa miguu na midomo ni wa virusi, na ule wa nyumbu pia (swali la 17). Ndigana kali, ambayo wengi wetu huiita ECF, huletwa na kijidudu cha aina nyingine kabisa anayeenezwa na kupe, na ina dawa yake mahususi.

Mfugaji anayedunga oksitetra, antibiotiki iliyozoeleka, kila ng'ombe anapokataa kula atapatia mara moja moja, na hizo mara moja moja ndizo zinazomfanya aendelee kupoteza pesa.

2. Ng'ombe wangu hatoki bandani. Wanyamapori wananihusu nini?

Yeye hatoki, lakini chakula chake kimetoka wapi? Nepia imekatwa kando ya mto, nyasi za marobota zimetoka shamba ambalo hujawahi kuliona, na maji yameletwa na mkokoteni. Usiku panya hupita juu ya gunia la dairimili. Asubuhi kunguru wako kwenye hori kabla yako. Watu wakisikia wanyamapori huwaza nyati na simba, ilhali kwa mfugaji wa Kawangware mnyamapori wa kuhofiwa ni panya.

3. Mbona mnyama wa porini anabeba ugonjwa asiugue, halafu ng'ombe wangu anakufa?

Inategemea ugonjwa. Nyati, pofu na twiga wameishi na kupe wa huku vizazi na vizazi, kwa hiyo wanaweza kubeba bakteria wa maji moyo bila kuonyesha dalili yoyote. Ng'ombe wa aina ya Friesian wa kizazi cha pili nchini hana bahati hiyo.

Kwa kimeta hadithi ni nyingine. Nyati hufa nacho vilevile. Mwaka 2015 kimeta kiliua nyati zaidi ya 100 katika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru. Kwa hiyo mizoga ya wanyamapori ni habari ya kuifuatilia hata kama huna nia ya utalii: ikionekana mingi mahali pamoja, mchungaji anafaa kugeuza njia siku hiyo hiyo.

4. Basi tukubaliane: wanyamapori ndio chanzo?

Hatukubaliani. Kifua kikuu cha ng'ombe kiligunduliwa kwa nyati wa Hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, mwaka 1990, na maelezo yanayokubalika ni kwamba kilitoka kwa ng'ombe waliokuwa ng'ambo ya mpaka wa hifadhi. Kutoka kwa nyati kikafika kwa simba. Homa ya mapafu ya ng'ombe haina mnyamapori yeyote wa Afrika anayeihifadhi. Ni ng'ombe kwa ng'ombe.

Badala ya kuuliza nani mkosaji, uliza ng'ombe wako wanashiriki nini, na nani: dimbwi, malisho, kupe, mzoga, udongo, gari la kusafirishia. Nyati na ng'ombe huweza kumaliza mwaka mzima bila kugusana pua, ila walikunywa mahali pamoja, mmoja alfajiri, mwingine saa sita.

## Udongo na mvua

5. Kwa nini kimeta hurudi palepale kila baada ya miaka kadhaa?

Kwa sababu hakikuondoka. Bakteria wa kimeta akipata hewa hujigeuza spora, mbegu ngumu inayoweza kukaa ardhini miaka mingi, hata miongo, bila maji wala chakula. Udongo wenye chokaa na usio na asidi humfaa zaidi. Mabonde madogo ambako maji hutuama hukusanya spora zilizosombwa kutoka juu.

Msimu wa hatari huwa ni kiangazi kirefu kikifuatwa na mvua. Wakati wa ukame ng'ombe hung'oa nyasi hadi mizizi na kumeza udongo, na mabua makavu humchubua mdomo. Spora hapo zimepata mlango. Baada ya mizoga ya kwanza, nzi na ndege walao mizoga huchangia kusambaza. Nzi aliyekula kwenye mzoga hutua juu ya kichaka kilicho karibu na kuacha matone yake kwenye majani, na mnyama anayekula majani ya juu hupata kimeta bila kugusa ardhi.

6. Ng'ombe amekufa ghafla, jana alikuwa mzima. Damu inatoka puani na nyuma. Nifanye nini?

Usimpasue. Usimchune. Usiite mtu wa nyama.

Ndani ya mzoga ambao haujafunguliwa, bakteria wa kimeta hukosa hewa na kuoza kwenyewe huwaua ndani ya siku chache. Ukiingiza kisu umewapa hewa, wanageuka spora, na kipande hicho cha shamba umekiharibu kwa ajili ya wajukuu zako. Dalili za kushuku ni damu nyeusi isiyoganda inayotoka kwenye matundu ya mwili, tumbo linalovimba haraka, na mwili usiokakamaa sawasawa. Lakini ng'ombe aliyekufa ghafla bila damu pia ashukiwe mpaka maabara iseme vingine.

Funika mzoga kwa turubai au matawi ya miiba, funga mbwa, toa mifugo wengine eneo hilo, kisha piga simu kwa afisa wa mifugo wa kaunti. Kimeta ni ugonjwa wa kuripotiwa kwa mujibu wa Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, sura ya 364. Afisa atachukua tone la damu bila kupasua na kulipeleka maabara kuu ya mifugo Kabete. Mzoga huchomwa hadi uwe majivu, au huzikwa mita 2 kwenda chini, mbali na kisima na mto, pamoja na udongo wote ulioloa damu. Wengi humwagia chokaa juu. Acha: kalsiamu inaaminika kuzisaidia spora kudumu.

7. Tulimchinja alipoanza kutetemeka, kabla hajafa. Nyama ikichemshwa sana kuna shida?

Ipo. Spora hazimalizwi na sufuria ya nyumbani, na hatari yenyewe huanza mapema, kwa aliyechuna na aliyekata. Kimeta cha ngozi huanza na kipele kinachowasha, kisha kidonda kisichouma sana chenye gamba jeusi katikati, kilichozungukwa na uvimbe. Nenda hospitali siku hiyo hiyo na useme wazi, "nilishika ng'ombe aliyekufa ghafla." Bila sentensi hiyo daktari anaweza kufikiria jipu. Ikiwahiwa hutibika kwa antibiotiki za kawaida. Nyama iliyobaki iteketezwe chini ya usimamizi wa afisa.

8. Chanjo ya kimeta nichanje lini? Na nikiwa nimetoka kumdunga antibiotiki?

Mara moja kwa mwaka, wiki kadhaa kabla ya msimu ambao eneo lenu hupata kesi. Hapa nchini hutolewa pamoja na ya chambavu katika chupa moja, na hutengenezwa na KEVEVAPI, taasisi ya chanjo za mifugo. Chanjo yenyewe ni bakteria hai waliopunguzwa makali, kwa hiyo antibiotiki itawaua na utakuwa umedunga maji. Acha nafasi ya wiki moja au zaidi kabla na baada. Kinga pia haiji siku ya sindano. Mpe wiki moja hadi mbili.

9. Chambavu nacho kinatoka kwa wanyamapori?

Kinatoka ardhini. Hushika hasa ndama wakubwa na mitamba ya miezi 6 hadi miaka 2, tena wale walionona, jambo linalowaumiza wafugaji mara mbili. Paja au bega huvimba, ukibonyeza unasikia hewa ikichakarika chini ya ngozi. Mafuriko na kazi za kufukua udongo huzitoa spora juu. Kinga ni chanjo ya swali la 8.

## Ndani ya banda

10. Katika magonjwa haya yote, ni upi unaotumaliza sisi wa mjini?

Mastaitisi, ugonjwa wa kiwele, wala haina uhusiano na mbuga. Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu mtu atasafiri kutoka Githurai hadi Kabete kuuliza kuhusu nyati huku ng'ombe wake analala kwenye tope.

Bakteria wanaosababisha mastaitisi wako wa makundi mawili. Wapo wanaoishi kwenye viwele vyenyewe na kuhama kwa mkono wa mkamaji na kitambaa chake. Na wapo wa mazingira: wa kinyesi, wa tope, wa matandiko. Mvua za masika zikianza Machi, banda lisilo na mteremko hugeuka bwawa, na hao wa pili wanasherehekea.

Baada ya kukama, tundu la chuchu hubaki wazi kwa muda wa nusu saa hivi. Ng'ombe akilala dakika hizo chuchu iko moja kwa moja kwenye uchafu. Dawa ya hilo ni ya bure: mpe chakula mara tu unapomaliza kukama ili abaki amesimama. Chovya chuchu kwenye dawa baada ya kukama. Tumia kitambaa kimoja kwa ng'ombe mmoja. Kamua mitirizo ya kwanza kwenye kikombe cheusi uangalie mabonge au maji, usiimwage sakafuni. Anza na ng'ombe wazima na mitamba, umalizie na mgonjwa.

Matandiko nayo. Maranda ya bure kutoka kwa maseremala ni mazuri yakiwa makavu. Yakilowa mkojo, bakteria fulani wa kiwele hustawi humo vizuri sana. Kama huwezi kuyabadilisha mara kwa mara, mkeka wa mpira unaosafishika ni afadhali.

11. Nimetibu mastaitisi mara tatu, bado inarudi. Nibadilishe dawa?

Badilisha utaratibu kwanza. Peleka sampuli ya maziwa ya robo ya kiwele iliyougua, iliyochukuliwa kwa usafi, maabara ya Kabete au kwa kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, Upper Kabete. Watakuambia ni bakteria gani na dawa ipi inamuua. Bei ya kipimo ni ndogo kuliko bei ya mirija mitatu ya dawa isiyofaa, bila kuhesabu maziwa uliyoyamwaga ukisubiri dawa iishe mwilini. Au uliyopaswa kuyamwaga.

## Mito, panya na ndege

12. Nyasi za kando ya Mto Nairobi na Mto Ngong ni salama?

Zinapendeza kwa macho kwa sababu zinanyweshwa majitaka. Zina bakteria wa tumbo kama salmonela na E. koli, mayai ya tegu, na metali kutoka viwandani ambazo jua haliwezi kuzitoa. Nyasi zikikauka kabisa juani bakteria hupungua sana, metali hubaki. Maoni yetu: usinunue mzigo uliokatwa ukingoni. Kama muuzaji hataki kusema alikokata, angalia mizizi. Yenye tope jeusi linalonuka imejibu swali.

Na usinyweshe maji ya mto. Ng'ombe wa maziwa anaweza kunywa lita 60 hadi 100 kwa siku, kwa hiyo hata uchafu kidogo kwa lita hufika wingi wa kutosha.

13. Panya wa stoo wanaleta ugonjwa gani hasa?

Leptospira, ambayo watu wengi waliijua kwa jina la homa ya mgunda mwaka 2022 ilipoibuka mkoani Lindi, Tanzania. Panya hubeba bakteria kwenye figo na kuwatoa kwa mkojo. Ng'ombe akila chakula kilichokojolewa au akikanyaga maji yaliyotuama akiwa na mchubuko, huambukizwa: maziwa hupungua ghafla, wakati mwingine yana rangi ya damu, kiwele kikibaki laini, na mimba hutoka. Ng'ombe naye huitoa kwa mkojo, kwa hiyo baadaye hata bila panya inazunguka bandani.

Weka chakula kwenye mapipa ya kufunika, inua magunia juu ya mbao, ziba mashimo. Paka husaidia kiasi. Wewe mwenyewe vaa gambuti na glavu ukisafisha banda: leptospira hushika binadamu, na homa yenye macho ya manjano isichukuliwe kuwa malaria mpaka ipimwe.

14. Mafuriko yakipita, nifanye nini kabla ya kurudisha ng'ombe?

Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024 swali hili lilikuja kutoka kila upande. Ondoa tope lote, sakafu ikauke kwa jua kabla ya dawa, kwa maana dawa ya kuua vijidudu haifanyi kazi juu ya samadi. Chakula kilicholowa kitupwe, hata kama kimekauka tena. Madimbwi yanayobaki yazungushie ua, kwa sababu leptospira huishi wiki nyingi kwenye maji na udongo uliolowa lakini hufa upesi pakikauka. Kwa mifugo wa malishoni angalia pia swali la 5 na la 9.

15. Korongo na kunguru wa jalalani wanatua kwenye hori. Niwafukuze?

Ndiyo, kwa kuficha chakula. Korongo wale wakubwa wa kwenye migunga karibu na uwanja wa Nyayo hula Dandora na machinjioni, kisha hubarizi popote. Ndege wa aina hiyo huweza kubeba salmonela. Funika hori, weka wavu, usimwage mabaki. Kuwaua ni kosa kisheria na haisaidii. Wapya watakuja kesho kwa sababu chakula bado kipo.

## Mpakani mwa mbuga

16. Niko Tuala, karibu na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Hatari yangu ni kubwa kiasi gani?

Hifadhi ile ya kilomita za mraba 117 ilianzishwa mwaka 1946, na upande wake wa kusini, unaofuata mto, hauna ua kama pande nyingine. Wanyama huingia na kutoka kuelekea mbuga za Athi na Kaputiei. Hatari yako iko kwenye vitu vitatu: kupe, maji na mizoga.

Kupe ndio hatari kubwa zaidi. Yule mwenye mapambo ya rangi mgongoni huleta maji moyo: homa kali, ng'ombe anainua miguu juu akitembea, anazunguka, anaanguka akipiga mateke. Akipasuliwa, mfuko wa moyo umejaa maji. Oksitetra hufanya kazi ikitolewa siku za mwanzo za homa. Akishaanza kuzunguka mara nyingi umechelewa. Kupe huyo hubadilisha mnyama kila hatua ya ukuaji, kwa hiyo anaweza kuanzia kwa ndege au kobe, akapitia kwa swala, akamalizia kwenye kiwele cha ng'ombe wako, na kidonda anachoacha pale ni mlango wa mastaitisi. Nyunyiza dawa kwa kipimo cha kwenye chupa, na hasa masikioni, chini ya mkia, kwapani na kwenye kiwele. Anayenyunyiza mgongoni pekee anaosha ng'ombe.

Kuhusu maji, kisima chako kikiwa na birika la ndani ya boma, ng'ombe hana haja ya kwenda mtoni. Hiyo ni gharama kubwa, tunajua. Kuchelewesha kundi mpaka umande ukauke ni desturi ya wazee ambayo bado ina manufaa dhidi ya baadhi ya kupe na minyoo.

17. Nyumbu wanapozaa tunahamisha ng'ombe. Ugonjwa wao nao ni wa bakteria?

Ni wa virusi, kwa hiyo sindano za antibiotiki haziuponyi. Ndama wa nyumbu wa miezi ya kwanza hutoa virusi kwa pua na macho, na ng'ombe anayelisha nyuma yao hushikwa. Kuhamisha ndiyo kinga ya kweli. Endeleeni.

18. Ng'ombe ametupa mimba ya miezi saba. Mbwa wameshakula. Kuna neno?

Kuna neno, na kubwa. Mimba kutoka katika theluthi ya mwisho ni dalili ya kwanza ya brusela. Kondo la nyuma na maji yake vimejaa bakteria. Mbwa, fisi na bweha huburuta vipande mpaka malisho ya jirani, na mahali penye unyevu na kivuli bakteria hudumu wiki hadi miezi. Ndiyo maana Rongai na Kiserian, ambako fisi hupita usiku, kisa kimoja huweza kuwa cha boma zima.

Zika kwa kina au choma, ukiwa na glavu. Mtenge ng'ombe, usimkame pamoja na wengine. Ita daktari achukue damu ya kundi zima, kwa sababu leptospira, homa ya Q na sababu nyingine hutoa mimba vilevile na macho hayawezi kuzitofautisha. Mama mjamzito asikaribie kazi hii.

Chanjo ipo kwa mitamba ya miezi 3 hadi 8. Idungwe na daktari, kwa sababu ni bakteria hai na mtu akijichoma anaweza kuugua.

19. Ng'ombe wangu wanatafuna mifupa malishoni. Ni ukorofi tu?

Ni njaa ya fosforasi. Mifupa ya mizoga huweza kuwa na sumu ya botulini: ng'ombe analegea, ulimi unaning'inia, hawezi kuinuka, hana homa, na macho yake yanakutazama vizuri. Tiba ni karibu hakuna. Weka chumvi yenye fosforasi mwaka mzima na okota mifupa.

## Kununua, kupima na kukama

20. Nanunua ng'ombe sokoni Kiserian. Nipimishe nini?

Brusela kwa damu, mastaitisi kwa kipimo cha kiwele cha papo hapo, na kifua kikuu kama ni wa maziwa. Kwa kifua kikuu daktari hupima unene wa ngozi ya shingo, hudunga tuberkulini, na hurudi baada ya saa 72 kupima tena. Broka atasema mnunuzi mwingine yuko njiani. Mwache aende naye.

Dai kibali cha kusafirisha. Mtenge mgeni mwezi mmoja. Kipindi hicho ni muhimu hasa kwa homa ya mapafu, inayoweza kujificha wiki hata miezi: ng'ombe anasimama viwiko vimetanuka, shingo imenyooshwa, anaguna akipumua. Usijitibie kimyakimya. Anayeonekana kupona huweza kubaki na donge lenye bakteria pafuni na kuambukiza wengine.

21. Nimesikia Uingereza wanaua mnyama fulani kwa sababu ya kifua kikuu cha ng'ombe. Sisi tumuue nani?

Hakuna. Mnyama huyo ni badger, anayeishi mashimoni, wa ukoo mmoja na nyegere wetu. England ilianza mpango wa kuwaua mwaka 2013 na ubishi wake haujaisha. Wapo pia wanaowachanja. New Zealand hushughulika na possum, mnyama mdogo wa mitini, na jimbo la Michigan, Marekani, lina paa wake. Kila nchi ina mnyama wake, na kuchukua suluhisho la wengine bila mnyama wao hakusaidii.

Banda la Nairobi lina shida iliyo rahisi kuiona: ng'ombe sita ndani ya mabati yasiyo na hewa, wakigusana pua kwenye hori moja. Toboa ukuta, ongeza nafasi, pima, na aliyepatikana aondolewe kundini kupitia kwa daktari.

22. Maziwa ya ng'ombe wangu mwenyewe, ninayemjua, lazima niyachemshe?

Lazima. Brusela na kifua kikuu hupita kwenye maziwa ya ng'ombe anayeonekana mzima kabisa. Viwandani hutumia nyuzi 63 kwa dakika 30 au 72 kwa sekunde 15. Nyumbani yakichemka yameiva. Kugandisha kuwa mala au kuyaweka kwenye kibuyu bila kuchemsha hakutoshi.

## Maswali yasiyo ya kila siku

23. Wakati wa ukame ng'ombe wa wahamaji hulisha barabarani mtaani kwetu. Niwaogope?

Ukame wa 2020 hadi 2022 uliwaleta mpaka Lang'ata na Ngong Road, na wenyewe wamekuja kwa shida. Ng'ombe aliyetembea siku nyingi na kukonda huugua na kuambukiza kirahisi. Usikate nyasi walipolisha, usiwanyweshe kwenye birika lako, na hakikisha chanjo zako ni za mwaka huu. Ukitaka kuwasaidia, toa maji kwa ndoo nje ya lango.

24. Nyani na ngiri wanaingia kwenye stoo yangu Karen. Kuna jambo?

Uharibifu kuliko ugonjwa, ila kinyesi chao kikiingia kwenye chakula, kitupe. Yanayosemwa katika swali la 13 kuhusu mapipa yanafaa hapa, ukiongeza kufuli.

25. Naweza kulisha ng'ombe kinyesi cha kuku kutoka kwa jirani wa broila?

Wengi hufanya, na wengi hawajapata shida, hadi siku kuku mfu anapobaki ndani ya rundo. Mzoga mmoja uliooza unatosha kutengeneza sumu ya swali la 19 kwa ng'ombe wengi. Tungependelea ukitumie shambani kama mbolea.

26. Sindano moja kwa ng'ombe kumi, nikiisuuza katikati, kuna tatizo?

Ndigana baridi husafiri kwa damu, iwe ya kupe, ya nzi waumao au ya sindano yako. Ng'ombe wakubwa huathirika kuliko ndama: wanapauka au kuwa manjano, kinyesi kinakauka, lakini mkojo hauwi mwekundu. Nunua sindano kumi.

27. Nimenunua ploti Kitengela. Mzee jirani anasema ng'ombe wa kimeta walizikwa hapo zamani. Nijenge?

Mwamini mzee, kisha mwombe akuonyeshe mahali penyewe. Ramani ya mauzo haitakuwa na alama hiyo. Ukipata eneo, liache bila kuchimba: usipeleke msingi, choo, kisima wala mtaro hapo, na usilime. Nyumba inaweza kukaa upande mwingine wa ploti. Kama fundi ameshachimba na amekuta mifupa, asimamishe kazi, udongo urudishwe shimoni bila kusambazwa, vifaa vitengwe, na afisa wa mifugo wa kaunti ya Kajiado aitwe kabla ya lori kubeba chochote. Waliochimba wapewe maelezo ya kidonda kilichotajwa katika swali la 7. Ng'ombe utakaowafuga hapo wachanjwe kila mwaka, bila kuruka, na eneo lililoachwa liwekewe ua wa nyaya ili hata mbuzi wa jirani asilishe juu yake.